Saladi ya Lualaba

"Madame, kesho utaangalia hii maji, utauliza kama iko maji ao iko hewa tu!"

Ndivyo alivyojigamba boyi Okito, mkono kifuani, mbele ya sanduku la kioo ambamo Madame Claire alifuga samaki wake wa kutazama. Nilimsikia kutoka jikoni. Mimi ni mpishi, kazi yangu nyama na saladi, mambo ya samaki hayanihusu. Kwa hiyo naweza kuyasimulia bila upendeleo.

Mambo yalikuwa yamemfika Okito shingoni. Kila asubuhi alipandisha ndoo kutoka mto Lualaba, akamwaga maji ya jana, akasugua kioo hadi mkono ukafa ganzi. Jua likishapiga dirishani, maji yanarudi palepale, kijani kama mchuzi wa sombe, yale majani ya mihogo.

"Samaki hawaliwi, hawauzwi!" alininung'unikia. "Kazi yao njo kunya tu. Na mimi njo mutumishi wa choo yao!"

"Wape sabuni wajioshe," nikamwambia.

Hakucheka. Madame alikuwa ameshasema: samaki wakifa, Okito na mke wake watoke katika kile chumba cha nyuma ya uwanja, yeye aende Kalima kuchimba bati. Na kifua chake kile cha kukohoa, vumbi la mgodini lingemmaliza kabla ya masika.

Wazo lilimjia kando ya mto, pale maji yanapotulia, mke wake Euphrasie anapoloweka mihogo. Chini ya majani yanayoelea, manene, yaliyojikunja kama waridi, maji yalikuwa safi hata mchanga unaonekana. Pembeni, kijani kitupu.

"Majani inakula uchafu yote," alinieleza, macho yakimwaka. "Ule ukijani unabakia na njaa!"

Alivuna beseni zima, akayasuuza jani kwa jani, akaliacha kivulini mlangoni pa jiko, akaenda kufuta kioo. Baadaye akaja kulichukua, akayapanga majani juu ya maji. Mizizi ikaning'inia kama ndevu za padri. Madame akapiga makofi.

Kesho yake, msiba. Majani yamelegea, yamekuwa kahawia. Mizizi inanuka, maji yamegeuka chai, na samaki mwekundu analala ubavu.

"Mupumbavu! Umeua samaki yangu! Funga vitu yako, jioni nisikuone!"

Jioni hiyo Okito alikuwa akifunga mkeka kwa kamba, nami nimekaa kwenye ngazi ya jiko nawahadithia watumishi wa nyumba za jirani, kama ninavyowahadithia ninyi. "Bwana Hewa-Tu!" nikasema. "Labda aliyatia sabuni, si munamujua?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Louis."

Euphrasie alikuwa amesimama nyuma yangu, beseni mkononi.

"Hii njo beseni yangu ya mihogo. Tangu lini muhogo inaachaka alama kama hii?"

Aliliinamisha kwenye mwanga. Ndani, mduara wa kahawia umezunguka ukingo wote.

"Ile dawa ya zambarau, ikikauka inaachaka kahawia," akaendelea, "ile Madame anatakaka saladi yote iloweke mbele ya kuingia mu nyumba, nani anaishikaka?"

"Mama Euphrasie, hata mimi..."

"Jana nilipita na kuni. Nikakuona umeinama apa, unaloweka majani, unapiga muluzi. Nikajiambia, kumbe saladi ya wazungu iko na ndevu! Kisha ukamwaga ile dawa, ukatia maji ya kawaida, ukarudisha beseni pa mulango."

"Ilifanana na saladi!" nikasema, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi.

Hakuna aliyecheka. Okito aliiachia kamba. Mkeka ukajikunjua wenyewe taratibu miguuni pake.

"Toa mikono mu mufuko," akasema Euphrasie.

Barazani Madame aliita, chakula kiko wapi. Nikatoa mkono mmoja. Kucha zote zilikuwa kahawia, rangi ya majani yale.

"Na ule mwingine," akasema.