Hatua Ishirini na Nne Kutoka Kisimani

Mama yangu alizikwa Mapinga, Januari 1998, ndani ya shamba letu, kwa sababu mvua za Elinino zilikuwa zimekata njia ya kwenda makaburini Zinga. Kaburi lilikuwa hilo moja tu, na liliwekewa mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani na jingine miguuni. Mwaka uliofuata baba alihamishiwa Mwanza kikazi, akanichukua. Yeye amezikwa huko huko. Mawe ya mama yalichukuliwa na wachoma chokaa, hatujui mwaka gani.

Mwaka huu binamu yangu Ishaka aliuza nusu ya shamba. Hakuwa na nia mbaya; hakuwahi kuyaona mawe. Mnunuzi, mwalimu Yunus wa Dar es Salaam, aliposikia kwa shangazi yangu kwamba kuna kaburi, alinipigia simu.

"Dada Zuhura, njoo unionyeshe. Nitalizungushia uzio, na njia ya kupita nitakuachia. Lakini Jumamosi saa nne asubuhi mafundi wanachimba shimo la choo. Nisipojua lilipo, nitachimba popote."

Mimi ni mpima ardhi. Nilifika Jumamosi saa mbili asubuhi nikiwa na utepe wa mita hamsini na kumbukumbu moja.

Kumbukumbu yenyewe ni hii. Kila Ijumaa baada ya swala, baba alinishika mkono, tukasimama kwenye ukingo wa kisima, tukaelekea kibla. Mimi nilihesabu hatua kwa sauti. Zilikuwa ishirini na nne kila mara. Mwisho wa hesabu palikuwa na jiwe la kichwani, naye alikaa chini akasoma Yasini, mimi nikichezea kokoto. Ijumaa ya mwisho kabla hatujaondoka aliniambia, "Mawe huhama, mwanangu. Kisima hakihami."

Shangazi Sabiha alikuwa barazani anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Umekonda. Mwanza hakuna wali?"

"Upo, shangazi."

"Basi hujui kupika."

Nilikaa barazani. Nilikuwa nalikumbuka baraza hilo kuwa la juu sana. Baba alikuwa akinibeba kunipandisha. Sasa liliishia chini kidogo ya goti langu. Mlango wa bluu ulikuwa umepakwa kijani. Harufu ya tui lililoanza kuchemka ilikuwa ile ile, na kwa muda nilikaa tu bila kufungua mkoba. Shangazi aliacha kukuna, akanitazama, kisha akaendelea.

Nilimuuliza kama analijua kaburi lilipo.

"Mimi wakati ule nilikuwa nimeolewa Lugoba. Nilikuja sikukuu tu. Nilikuwa nawaona mkienda, sikufuatana nanyi. Baba yako alipenda muwe wawili."

Kisima kilikuwepo, kimefunikwa kwa bati. Nilisimama ukingoni, nikaelekea kaskazini. Kwetu pwani kibla ni kaskazini kabisa, haina utata. Baba alikuwa mtu mrefu kuliko wote Mapinga, kwa hiyo nilitanua hatua zangu zikaribie zake, sentimita themanini hivi. Nilihesabu. Hatua ya ishirini na nne iliniweka katikati ya barabara ya mtaa, ile iliyochongwa na greda miaka miwili iliyopita. Utepe ulisoma mita kumi na tisa na sentimita ishirini.

Nilirudia. Jibu lilikuwa lile lile. Bodaboda ilinipigia honi, nikasogea.

Yunus alikuwa amesimama kwenye mpaka wake. Alitazama udongo uliokwanguliwa, akavua kofia.

"Pole sana, dada."

"Greda lilishuka chini kiasi gani?"

"Nusu mita. Hapa palikuwa na mwinuko."

Nusu mita haifiki kwenye mwanandani, pale mwili unapolazwa. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya kazini. Yeye aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kisha akasema kwamba, kama kaburi liko barabarani, basi mafundi wake waanze. Kwa upande wake alikuwa ametimiza ahadi, na sikuwa na hoja ya kumzuia. Walikuwa wawili, na walikwisha kuchora mraba wa chokaa ardhini, upande huu wa barabara.

Nilirudi barazani kumwambia shangazi. Alishika mbuzi ya nazi kwa mikono yote miwili, hakukuna.

"Barabarani? Haiwezekani. Mlikuwa hamfiki mbali hivyo."

"Nimepima, shangazi. Ishirini na nne, kwa hatua za baba."

"Hatua zipi za baba yako?" Akaanza kucheka, huku machozi yakimtoka. "Wewe! Tulikuwa tunakaa hapa hapa tunamcheka. Jibaba refu kama mnazi, linatembea kama bi harusi anayepelekwa ukumbini! Tunampigia vigelegele. Wala hakugeuka. Alikuwa anakungoja wewe na vijiguu vyako vya kuku."

Niliweka mkoba chini.

"Nilikuwa na miaka saba," nilisema.

"Ulikuwa na miaka saba na kiherehere. Akikuzidi hatua moja, unalia, mnaanza upya."

Hilo sikulikumbuka hata kidogo. Lakini hesabu ilikuwa rahisi. Mtoto wa umri huo, akitembea polepole, hatua yake ni sentimita arubaini na tano hivi. Mara ishirini na nne ni mita kumi na sentimita themanini. Niliukimbiza utepe kutoka kisimani. Ulikomea hatua moja kutoka kwenye mraba wa chokaa, na fundi mmoja alikuwa tayari ameinua sururu.

"Simama!" nilipiga kelele. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopiga kelele kazini.

Yunus alimzuia kwa mkono. Nikaomba kipande cha nondo nyembamba. Shangazi alinifuata akichechemea na goti lake bovu.

"Usichome katikati, mwanangu. Tafuta pembeni, juu juu."

Nilipiga magoti nikagusa udongo kwa nondo, kidogo kidogo, kina cha kiganja. Katika jaribio la saba iligonga kitu kigumu. Nilifukua kwa mikono. Kilikuwa kisiki cha jiwe la matumbawe, lililovunjwa usawa wa ardhi. Nikapima kuelekea magharibi. Baada ya mita moja na sentimita sitini na tano kilikuwepo cha pili. Mashariki na magharibi, kama inavyopaswa, ili uso uelekee kibla.

"Alhamdulillahi," alisema Yunus. Akawageukia mafundi. "Futeni huo mraba. Choo kinahamia kule nyuma."

"Kule kuna mwamba, mwalimu," alisema fundi.

"Mtaupasua."

Nilipigilia vigingi vinne, nikaandika vipimo vyote, na kianzio nikaandika kisima. Shangazi alikaa chini akasoma Yasini yote kwa moyo, mimi nikiwa pembeni yake. Nilijikuta nimeshika kokoto mbili.

Alipomaliza alinyoosha mkono nimwinue. Tulirudi kuelekea kisimani, yeye ameegemea bega langu, nami nikifuata mwendo wake, na nikaanza kuhesabu hatua bila kukusudia. Zilikuwa thelathini na moja.