Aliyekuwa Akiitikia

Modesta hakusikiliza, aliangalia tu. Kosa lilianzia hapo, ingawa siku ile hakuna aliyeliona, naye mwenyewe alipewa pongezi.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo kipya cha redio cha mtu binafsi pale Mirongo, mjini, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ilikuwa mwaka 1999, na tajiri wake, Mbaruku, alikuwa ameleta kompyuta ya kukatia sauti. Ukiingiza mkanda, maneno ya mtu yanajitokeza kwenye kioo kama vilima: sauti kubwa kilima kikubwa, sauti ndogo kilima kidogo. Unachagua kilima, unabonyeza, kimetoweka. Mbaruku aliwaita wageni waje kuiona, utadhani amenunua ng'ombe wa maziwa.

Mkanda wenyewe Modesta aliurekodi Kiseke, nje ya mji, kwa bibi zake wawili, macho yake yote yakiwa kwenye sindano ya kinasa sauti. Ng'washi, aliyemzaa baba yake, alikuwa mke mkubwa wa marehemu babu. Paskazia alikuwa mke mdogo, na hakujaliwa mtoto. Ng'washi ndiye aliyesimulia hadithi, Paskazia akaitikia. Ila mkanda ulikuwa mrefu mno, na wauza sabuni walikuwa wamelipia kipindi kifupi. Modesta akatazama kioo, akaona vilima vya Ng'washi, na katikati yake vilima vidogovidogo. Akasikiliza kimoja: "Eeh." Akasikiliza kingine: "Ikawaje?" Akaamua vyote ni vya namna hiyo, akavifuta mpaka cha mwisho huku anatafuna karanga.

"Sasa inakimbia," Mbaruku alisema. "Hii ndiyo redio."

Jumapili, siku ya kipindi kurushwa hewani, alikwenda Kiseke na soda na redio ya betri, maana alitaka kuona nyuso zao wakisikiliza. Majirani nao walikuja. Paskazia alikuwa amejifunga khanga mpya, akakaa karibu na redio kuliko mtu yeyote.

Sauti ya Ng'washi ikatoka mbiombio, haipumui. Paskazia akatabasamu, akingoja yake. Haikuja. Alipoona hivyo akaitikia mwenyewe, palepale alipokaa, lakini redio haikumngoja; kabla hajafunga mdomo hadithi ilikuwa imeshampita. Akajaribu tena, ikampita tena. Basi akaacha, akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Mama Paskazia, kumbe siku hiyo hukuwepo?" aliuliza jirani yao Shimba, bila ubaya wowote.

"Labda sikuwepo," alisema, akainuka kwenda kuangalia samaki jikoni.

Ng'washi hakuipenda sauti yake mwenyewe. "Mimi nimekuwa kichaa? Naongea peke yangu hivyo, na nyumba ina watu?"

"Ni muda, bibi. Redioni muda unalipiwa."

"Na yeye je?"

Modesta akaizima redio.

Jioni ileile Paskazia alihamisha mafiga yake. Tangu babu afariki, wajane wale walikuwa wakipikia chungu kimoja. Sasa kila mmoja akawa na moto wake, na majirani wakapata la kusema: mjukuu wa mke mkubwa amemfuta mke mdogo. Modesta aliposikia hayo alitaka kukasirika, lakini angemkasirikia nani, wakati ndicho alichofanya?

"Paskazia alipoletwa hapa nilimnunia," Ng'washi alimweleza. "Hata salamu sikumpa. Jioni moja nikawa nawasimulia watoto, baba yako akiwemo, wakalala wote na mimi sina habari. Nikanyamaza kidogo, nikasikia mlangoni kwake mtu anasema, 'Ikawaje?' Nikamweleza ilivyokuwa. Ndivyo tulivyoanza kuongea."

Modesta akarudi mbio Mirongo kuutafuta mkanda. Mbaruku alikuwa amesharekodia juu yake tangazo la mabati. Hakuna kitu kilichobaki, wala kwenye kompyuta. Ikabidi apande tena Kiseke na kinasa sauti begani, akapiga magoti mbele ya Paskazia.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba msamaha. Turekodi upya."

"Marahaba. Sina neno na wewe, mjukuu wangu. Nimechoka tu. Mwitikie wewe."

Ng'washi alikubali, shingo upande. Modesta akawasha kinasa sauti, akaitikia kila alipoona panafaa, na kwa kitambo ilikwenda. Msichana wa kwenye hadithi akafika ziwani, akamwita dada yake aliyechukuliwa na maji. Hapo Ng'washi akanyamaza.

"Eeh," Modesta alisema.

Ng'washi akatazama mlango wa Paskazia.

"Ikawaje, bibi?"

"Hapo si pa eeh. Hapo dada anajibu kutoka majini. Anaimba."

"Basi imba."

"Siujui. Wimbo ni wake Paskazia. Hauimbi namna moja kila siku, na mimi kwa kuusikia ndiyo najua hadithi inaelekea wapi."

Modesta akazima kinasa sauti. Kumbe ule mstari wa vilima vidogo ulikuwa wimbo wa sauti ya chini; alikuwa ameufuta mzima akidhani ni eeh.

Akavuka uwanja. Paskazia alikuwa akichambua choroko kwenye ungo.

"Bibi, naomba wimbo wa dada."

"Siku ile unanikata, uliusikiliza?"

Uongo ulikuwa karibu: mkanda uliharibika, tajiri ndiye aliyetaka. Modesta alimtazama yule mama mikononi, akashindwa kuutoa.

"Hapana, bibi. Niliangalia tu."

Paskazia aliweka ungo chini. "Ungeusikia ukaona haufai, ningesema sawa, mtoto wa mjini ana mambo yake. Ningekuimbia mwingine. Lakini wewe hukunisikia kabisa."

Akauchukua ungo wake, akaendelea kuchambua. Modesta alibaki amepiga magoti. Upande wa pili wa uwanja Ng'washi alikuwa bado amekaa palepale, anangoja kuitikiwa.