Udongo wa Chini ya Karavani

Fundi Kalisti wa Shinyanga hakuwahi kupewa kikombe cha chai akakinywa bila kukichungulia kwanza. Si kwamba alikuwa na adui. Ilikuwa tabia yake tu, kama wengine walivyo na tabia ya kukoroma. Ukimpa mkono, anatazama mkono wako wa pili uko wapi. Ukimsifu, anajiuliza unataka nini. Mkewe, Paskalina, alishazoea, na kwa kazi ya bomba tabia hiyo ilimfaa sana, maana bomba ni kitu cha kushukiwa: linakaa kavu mbele ya macho yako kutwa nzima, ukigeuka tu linavuja. Ndiyo sababu mwaka 1952, mgodi mmoja wa upande wa Geita ulipotafuta fundi wa kubadilisha bafu la mzungu, jina la Kalisti lilitajwa kabla ya mengine.

Bafu lenyewe halikuwa ndani ya nyumba. Lilikuwa ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu iliyovutwa na Landrova kutoka Nairobi, ikaegeshwa kando ya kambi ya wafanyakazi. Mwenyewe alikuwa msimamizi wa chumba cha kuyeyushia dhahabu, na nyumba yake ya matofali ilikuwa bado haijaezekwa. Watu walimwita Bwana Sabuni, kwa kuwa alioga asubuhi, mchana na jioni. Akitoka kwenye chumba kile alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Kalisti alipoingia humo bafuni siku ya kwanza alilazimika kutoka tena ili aweze kuvua koti. Palikuwa pembamba kiasi hicho. Bomba la zamani lilikuwa la shaba, limechoka, linadondosha matone usiku na mchana, na shawa ilikuwa ndoo iliyotobolewa matundu kwa msumari, ikaning'inizwa kwa kamba. Vipya vilikuja ndani ya sanduku la mbao: bomba la vipini viwili, kimoja cha maji ya moto na kingine cha baridi, na shawa yenye shingo ndefu inayong'aa. Kazi ilikuwa kung'oa vya zamani, kufunga vipya, kuinua pipa la maji juu zaidi ili yashuke kwa nguvu, na mwisho kuzuia maji machafu yasiendelee kumwagika chini ya karavani. Bwana Sabuni alichoshwa na nzi. Alitaka maji hayo yapite kwenye bomba mpaka shimo la saruji lenye kifuniko.

Kalisti akalala chali, akajisogeza chini ya karavani kutazama maji yanakomwagikia. Hapo ndipo roho yake ilipopiga kelele.

Mahali palipolowa maji hapakuwa na udongo. Palikuwa na kishimo safi, kimekwanguliwa kingo zote, na alama za vidole zilikuwa bado mbichi. Kuku hachimbi hivyo, wala mbwa. Mtu alikuwa akija pale na kuuzoa udongo uliolowa maji ya Bwana Sabuni ya kuogea, na alikuwa akija mara kwa mara.

Huko kwao Kalisti, na kwa Wasukuma karibu wote wa kambi ile, mtu hachukui udongo wa namna hiyo kwa kazi njema. Maji ya kuoga yamebeba jasho la mwenyewe, unywele wake na ngozi yake. Anayeyataka anamtaka mwenyewe. Kalisti alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili, lakini hilo hakufundishwa na padri, wala padri asingeweza kumwondolea. Akaanza kufikiri mbele zaidi, kama kawaida yake. Mzungu akiugua kesho, nani ataulizwa? Ataulizwa mtu wa mwisho kushika bafu lake, fundi mgeni kutoka Shinyanga. Usiku ule alilala vibaya.

Asubuhi ya pili, Bwana Sabuni alipokwisha kwenda kazini, Kalisti aliingia karavani mapema, akavuta pazia, akakaa kimya juu ya sanduku la bomba. Haukupita muda, akaja mama mfuaji. Huyo alikuwa Ghati, Mkuria mjane wa makamo, mtu asiyependa soga, ambaye watu walimwita Mama Bhoke kwa jina la binti yake aliyebaki Tarime. Alifua nguo za Bwana Sabuni tangu mumewe alipofariki kambini hapo. Akatua karai, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama. Akazoa udongo kwa vidole, taratibu, hata chembe asiiache. Kisha akafunika karai kwa kanga na kwenda zake.

Kalisti angeweza kumwita akamuuliza. Hakumuuliza. Mtu mwenye kushuku haulizi, kwa sababu jibu nalo atalishuku. Alikwenda jikoni kwa Januari, mpishi wa Bwana Sabuni, mtu mwenye mdomo mwepesi kuliko wote pale kambini.

"Mwangaluka, ndugu yangu," akamsalimu kwa Kisukuma. "Nikuulize. Yule Mama Bhoke unamjua vizuri?"

"Mwangaluka, fundi. Namjua kwa kumwona tu. Mkuria yule, nani atamjua? Kwani kuna nini?"

"Sitaki kusema mengi. Lakini bwana wako akianza kuumwa tumbo, mimi usinitazame. Nimemwona kwa macho yangu akizoa udongo wa maji ya kuogea."

Januari aliacha kumenya viazi. "Wa maji ya kuogea?"

"Na si mara moja. Kishimo kile ni cha siku nyingi."

"Nogi," Januari akanong'ona, neno lao la mchawi, akashika kisu chake kana kwamba Ghati yuko mlangoni. Kalisti akarudi kazini akiwa ameridhika. Ameshajitoa, lolote likitokea ana shahidi.

Mchana akafungua bomba la maji machafu. Kona yake ilikuwa imeziba. Akaigonga kwenye jiwe, likatoka bonge la tope jeusi, na alipolipokea kiganjani akashangaa lilivyo zito. Ujanani alichimba madini miezi michache na wenzake, na mikono ikakumbuka yenyewe. Akatia tope kwenye beseni, akaongeza maji, akazungusha, akamwaga, akazungusha tena. Chini ya beseni ukabaki mstari wa njano, mwembamba, unaong'aa.

Alikaa kitako palepale. Vumbi la kwenye kope! Mzungu alikuwa akitoka nalo chumba cha kuyeyushia, kwenye nywele, masikioni, chini ya kucha, anakuja kujimwagia maji mara tatu kwa siku, na dhahabu inashuka na sabuni. Mfuaji aliiona kwanza kwenye maji ya kufulia mashati, bila shaka, kisha akajiuliza nyingine inakwenda wapi. Hakuwa anamroga mtu. Alikuwa anaosha uchafu uliotupwa.

"Mungu wangu," Kalisti akasema. "Nimefanya nini?"

Jibu alilisikia kutoka mahali pa kufulia. Zilikuwa kelele za watu wengi. Akatupa spana, akakimbia.

Ghati alikuwa amesimama katikati ya wafanyakazi na wake zao, kanga imemdondoka begani. Karai lilikuwa miguuni pake, na lile tope ndani yake. Januari alikuwa akieleza kwa mara ya tano pengine, na kila mara kishimo kilikuwa kikubwa zaidi. Mtu mmoja alikuwa ameshika mpini wa sururu. Mwingine alisema nyumba ya Ghati ichomwe kabla ya jioni. Haya hayakuwa maneno ya kutishia mtoto. Mwaka uliotangulia, katika kijiji kisicho mbali, bibi mmoja alipigwa mpaka akafa kwa madogo kuliko hayo.

"Sema, mwanamke!" nyapara Stanslaus, jitu la miraba minne, alimwamuru. "Udongo huu wa nini?"

Ghati hakusema. Kalisti alikuwa mtu wa pili tu pale aliyejua kwa nini. Neno moja, dhahabu, lingemwokoa na mpini ule, na neno hilohilo lingempeleka jela, kwa maana kukutwa na dhahabu mbichi bila kibali hakukuwa na msamaha, hasa mgodini kwenyewe. Akinyamaza ni mchawi. Akisema ni mwizi. Alisimama tu akibana midomo, na macho yake yakamwangukia Kalisti.

"Huyo hapo fundi mwenyewe," Januari akasema. "Fundi, waambie ulichoona."

Wote wakamgeukia. Angeweza kusema hakuona sawasawa, lakini tope lilikuwa pale ndani ya karai, na Januari alikuwa pale. Ulihitajika uongo wa kutosha kufunika vyote viwili, uongo ambao watu wangependa kuuamini. Aliupata haraka kuliko alivyotarajia, na alipoupata akatamani asingeupata.

"Sikuona uchawi wowote," akasema. "Nimemsingizia."

"Udongo je?"

"Udongo nilimwambia mimi autoe, ili nipitishe bomba jipya. Akakubali kunisaidia."

"Sasa ukamsingizia kwa nini?" Stanslaus akamsogelea.

"Nilimtaka, akanikataa."

Halafu mwanamke mmoja akacheka, cheko fupi la kuudhi, na mwingine akatema mate karibu na viatu vya Kalisti. Mwenye mpini akaushusha taratibu. Waliamini mara moja, na hilo lilimchoma, kwamba waliamini kwa wepesi vile. Stanslaus alimpiga kofi moja lililomwangusha kofia.

"Bhebhe, wewe! Baba wa watoto! Mtu wa kusali! Unataka mjane wa watu auawe kwa tamaa zako?"

"Nimekosa," Kalisti akasema.

Hukumu ilitolewa palepale. Amalize kazi ya mzungu, kisha aondoke. Mpaka atakapoondoka, asipewe na mtu yeyote moto wala chumvi wala maji ya kunywa, na asisalimiwe. Januari, aliyeona aibu ya kutumiwa, ndiye aliyeongea kuliko wote. Alisema ana shemeji yake Shinyanga, na kwamba habari itafika huko kabla ya fundi. Kalisti alimfikiria Paskalina akiwa kisimani, anaambiwa mbele ya wenzake.

Siku ya tatu alifanya kazi bila kusemeshwa. Alizungushia uzi wa katani kwenye meno ya bomba pasivuje, akakaza nati, akafunga vile vipini viwili. Maji yalishuka kutoka kwenye shawa kwa nguvu, ya moto na baridi yamechanganyika vizuri, na hakuna kiungo kilichotoa tone. Bwana Sabuni, asiyejua lolote, alitoa kichwa chenye povu dirishani akasema ni kazi safi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya Kalisti, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Alasiri alikuwa akimalizia kuta za shimo la saruji, Ghati akaja. Alisimama mbali kidogo, karai kiunoni.

"Unataka nini?" akamuuliza.

"Sitaki kitu, Mama Bhoke."

"Uliona kilichomo kwenye ile kona ya bomba, ndiyo maana ukanitetea. Unataka nusu?"

"Sitaki nusu. Njoo utazame." Kalisti akashusha sauti. "Kifuniko hiki sikukijengea kwa saruji. Ukitia mtaimbo hapa pembeni, kinainuka. Tope lote litakaa chini, hata mvua haitalichukua. Utakuwa unakuja mara moja kwa mwezi, si kila siku. Hakuna atakayekuona."

Ghati alitazama kifuniko. Akatazama vichaka vya nyuma. Akamtazama Kalisti mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kalisti aliujua mtazamo ule vizuri sana, maana ulikuwa wake.

"Niinue, na askari wanikute nimeinua," akasema. "Ndivyo mlivyopanga na nani?"

"Sijapanga na mtu! Naapa kwa mwanangu Serafina."

"Jana ulisema nini mbele ya watu?"

"Jana nilisema uongo kwa ajili yako."

"Na jana hiyohiyo asubuhi, kwa Januari, ulisema kwa ajili ya nani?"

Kalisti alitaka kumweleza kwamba alikuwa na hofu, kwamba ndivyo alivyozaliwa, lakini aliona jinsi ambavyo kila neno lingepimwa na kukutwa lina kasoro. Ghati hakungoja. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu," akasema, kwa nafsi yake zaidi kuliko kwake. "Ningejenga kwangu, nimchukue mwanangu kwa shemeji zangu." Akaondoka, na karai lake tupu.

Kesho yake asubuhi Kalisti alipanda lori la mgodi liendalo Mwanza, akakaa juu ya magunia na sanduku lake la vifaa. Wafanyakazi wanane wa likizo walikaa upande wa pili wote, wakamwachia magunia yake peke yake. Baada ya maili kama tatu, kwenye barabara nyekundu, walimkuta mwanamke anatembea na kifurushi kichwani na sufuria mgongoni. Alikuwa Ghati. Alikuwa ameacha kazi, chumba na shimo lenye kifuniko kinachoinuka.

Dereva akasimamisha. "Mama Bhoke! Unakwenda Mwanza kwa miguu? Panda, mama, nafasi ipo, hulipi kitu."

Ghati alitua kifurushi, akashika bodi ya lori, akatia mguu juu ya tairi. Kichwa chake kilipofika usawa wa magunia alimwona Kalisti, naye Kalisti akainuka upesi, akanyoosha mkono amsaidie kupanda.

Ghati akautazama mkono ule. Akashuka. Akajitwisha tena kifurushi chake.

"Nenda zako, baba," akamwambia dereva. "Nitatembea."

"Mmeona?" mmoja wa wale wanane akasema. "Hata lori la bure amelikataa kwa ajili ya huyu. Kumbe aliyoyakiri yalikuwa kweli tupu."

Dereva akatia gia.