Mguu wa Bi Mwanaesha

Lau si adhana ya alasiri, siku ile mtaa wa Ndia Kuu ungekuwa na matanga. Wazee wa baraza walikuwa ndio kwanza wameinuka kwenda kusali, vikombe vyao vya kahawa bado viko juu ya jiwe, gari la skuli ya udereva lilipokuja likapiga pale pale palipokuwa na magoti yao. Vikombe vikawa vigae. Taa ya mbele ikapasuka. Na ndani ya gari Swabaha, mwalimu mwenyewe, alikuwa ameikanyaga breki yake ya upande wa abiria mpaka paja linamtetemeka, na bado injini inanguruma. Alinyoosha mkono akazima ufunguo.

Aliyekuwa kwenye usukani ni Bi Mwanaesha, mwanafunzi wake, mtu mzima mwenye wajukuu. Buibui lilikuwa limemwanguka begani, na mikono yake miwili bado imeushika usukani vile vile alivyofundishwa.

"Sikukanyaga," alisema. "Mwalimu, wallahi sikukanyaga mafuta. Wewe ulipokanyaga breki ndipo lilipovuma."

Breki ilitie gari mbio! Hebu niambie, nani wa kuyaamini hayo? Swabaha naye alitaka kumwambia, bibi, usinichekeshe. Lakini mguu wake mwenyewe ulikuwa umeona jambo. Kila alivyozidi kukanyaga, ndivyo gari lilivyozidi kusukuma. Aliliona, akalimeza.

Watu walijaa mara moja, maana Mji wa Kale haukosi watazamaji. Wazee walirudi kutoka msikitini wakaona vikombe vyao, wakaanza. Bibi mzima huyu na usukani wapi na wapi! Si akae alee wajukuu! Mmoja alimwuliza kama alidhani pale ni uwanja wa ndege. Bi Mwanaesha alisimama ukutani.

Fahmi, mumewe Swabaha, alifika kwa pikipiki kutoka gereji yake ya upande wa Buxton. Huyu ni fundi wa nyaya, na gari lile ni kazi ya mikono yake. Bodi ni ya Corolla ya zamani, ya marehemu babake, lakini ndani injini na giaboksi ni za kisasa, alizozitoa kwenye gari lililokatwa nusu huko ng'ambo likaletwa Kilindini kwa meli. Wanafunzi siku hizi wanataka otomatiki, hawataki kusikia habari za klachi. Mwezi mzima Fahmi alilala na kuamka na zile nyaya, kwa sababu gari la kisasa halivuti mafuta kwa kamba. Ukikanyaga pedali, pedali inapeleka habari kwa kompyuta kwa waya, na kompyuta ndiyo inayoamua. Kuikutanisha kompyuta ile na gari la babake ilikuwa kazi, na alipomaliza, mafundi wenzake walikuja kuangalia.

Sasa aliinama chini ya usukani, akawasha, akakanyaga hiki, akaachia kile. Gari likatulia kama halijui kitu.

"Nyaya zangu haziwezi kukosea," alisema kwa sauti ya kusikika barazani. "Mguu ndio uliokosea. Mama, ulikanyaga pedali ya mafuta ukidhani ni breki. Hutokea."

"Haikutokea kwangu," alisema Bi Mwanaesha.

Taib naye akatokea, mwanawe Bi Mwanaesha, wakala wa kutoa mizigo bandarini, kijasho kinamtiririka. Huyu ndiye aliyemnunulia mamake gari dogo jeupe, limeegeshwa nje ya nyumba yao linangoja leseni tu. Babake, Mzee Sabir, amepooza upande mmoja, na kila akipelekwa kliniki kwa tuktuk hurushwarushwa hata akalia kama mtoto. Bi Mwanaesha alikuwa amesema atampeleka mwenyewe, taratibu, na Taib alikuwa amekubali kwa shingo upande. Alitazama taa iliyopasuka, akatazama baraza, akawaza kile ambacho kingetokea.

"Mama, basi," alisema. "Imetosha. Ungeua watu."

Bi Mwanaesha hakumtazama mwanawe. Alimtazama Swabaha.

"Mwalimu, wewe ulikuwa ndani. Sema."

Swabaha alimtazama mumewe, grisi imemjaa hadi viwiko, na wale wazee wote wanamngoja. Akisema neno moja tu, Fahmi hataitwa fundi tena mtaa ule.

"Tutaliangalia gari," alisema.

Ndiyo hayo tu. Alijua hapo hapo kwamba amefanya uoga, na aliona haya hata kumwekea sawa buibui mama wa watu alipopita mbele yake.

Jioni ile chakula hakikulika. Swabaha alimwambia mumewe alichokihisi mguuni, na Fahmi akaisukuma sahani.

"Kwa hivyo na wewe wasema nyaya zangu mbovu."

"Nasema inafaa lijaribiwe likiwa limesimama, si njiani. Hebu tulijaribu kesho kiwanjani, mbele ya Bi Mwanaesha."

"Mbele yake!" Fahmi alicheka kicheko cha hasira. "Haya. Na aje aone kwa macho yake."

Swabaha alimpigia simu Bi Mwanaesha akamweleza. Upande wa pili akasikia: "Nitakuja." Simu ikakatwa.

Asubuhi walikutana kwenye kiwanja cha wazi karibu na Ngome ya Yesu. Bi Mwanaesha alikuja kwa miguu, akaamkiwa, akaitikia, akakataa kiti alichopewa na muuza kahawa. Watembezaji wa wageni, ambao wageni wao walikuwa hawajafika, walisogea kutazama. Fahmi alilielekeza gari kwenye ukuta mfupi wa mawe, likabaki na nafasi ndogo mbele yake, akamwachia mkewe usukani.

"Tia D. Kanyaga breki."

Swabaha alitia D, gia ya kwenda mbele. Alikanyaga breki. Hakuna kitu. Akakanyaga tena, kwa nguvu. Gari lilikaa kimya, na Swabaha, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Mmeona?" Fahmi alipiga makofi. "Mmeona, jamani?"

"Jana tulikuwa tumezunguka saa nzima juani," alisema Bi Mwanaesha. "Na ile feni ya mbele ilikuwa yavuma. Liacheni lipate moto."

"Mama, moto na breki vina uhusiano gani?"

"Mimi sijui. Fundi ni wewe."

Watembezaji wakacheka, na hapo ndipo kiburi kilipompanda Fahmi. Wanaume wengine ukiwacheka mbele ya watu, basi tena, akili yote inahama. Alivuta kikoi chake, akaenda akakaa juu ya ule ukuta mfupi, mbele ya boneti kabisa, miguu inaning'inia.

"Liwache liwake hapo mpaka lichemke ukitaka," alimwambia mkewe. "Kisha tia D, ukanyage breki. Mimi niko hapa hapa. Mtu anayeiamini kazi yake hukaa mbele yake."

"Fahmi, ondoka hapo."

"Siondoki."

"Fahmi, tafadhali, nakuomba. Keti upande."

"Nikiondoka nitakuwa nimesema ni kweli. Wataka niseme ni kweli?"

Injini ilinguruma polepole. Jasho lilimtoka Swabaha chini ya ushungi, likamwingia machoni, akaogopa hata kuinua mkono kulipangusa. Alitazama magoti ya mumewe, yalivyokuwa sawasawa na pua ya gari, akayakumbuka magoti ya wazee wa baraza. Sindano ya joto ilipanda. Bi Mwanaesha alisimama kando, midomo yake inasoma kitu.

Feni ikawaka. Vuu.

"Haya!" Fahmi aliita. "D! Kanyaga!"

Swabaha aliushika mkono wa gia. Aliusogeza, ukalia kile kilio chake kidogo, na Fahmi akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha Swabaha akakanyaga breki kwa mguu mmoja, na mguu mwingine akaurudisha nyuma kabisa chini ya kiti, mbali na pedali ya mafuta.

Injini ililia. Haikunguruma, ililia, sindano ya kasi ya injini ikaruka, gari zima likatetemeka pale lilipo. Fahmi alipaa kutoka ukutani akaangukia upande wa pili, makubadhi yake yakabaki huku. Muuza kahawa akaangusha buli. Swabaha alizima ufunguo.

Fahmi aliinuka nyuma ya ukuta, kiwiko kinatoka damu, uso umempauka. Alitazama gari, akatazama ukuta. Vilikuwa mbali vile vile.

"Mbona halikuja?"

"Liko N," alisema Swabaha. "Sikulitia gia."

"Nilikwambia utie D."

"Ulinambia."

"Na mbona hukutia?"

Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema mkono uliteleza. "Sikukuamini, Fahmi," alisema.

Fahmi alikuja bila viatu, akapiga magoti mlangoni, akalifunua zulia la miguuni kwa dereva. Pale palikuwa na bolti moja, na nyaya tatu nyeusi zimefungwa pamoja chini yake: ya feni, ya taa za breki, na ya pedali. Nyaya nyeusi ndizo zinazorudisha umeme, na kwenye magari aliyojifunzia yeye, chuma chochote cha bodi hufaa kuurudishia. Ile ya pedali ilikuwa imefika kutoka melini imekatwa fupi. Ilitakiwa aiunge, airudishe peke yake mpaka kwenye kompyuta. Alikuwa amechoka siku ile, akaifunga hapo na zile mbili nyingine.

Akatoa kisu, akakwangua rangi karibu na bolti. Chini ya rangi hapakuwa na chuma. Palikuwa na faiba, ile ya mafundi wa boti, na ndani yake wavu wa banda la kuku ulioliwa na kutu. Babake alikuwa ameliziba tundu la kutu ya chumvi kwa faiba miaka iliyopita, akapaka rangi, likapendeza.

"Feni ikiwaka na breki ikishikwa, umeme wote haupati pa kupita kwenye wavu huu mbovu," alisema kwa sauti ndogo, kama anayejisomea. "Unarudi kwa pedali. Kompyuta inaona mtu kakanyaga mafuta." Aliukunja uso. "Na kila anayekanyaga breki ili ajiokoe..."

Alikaa chini pale pale mchangani, na machozi yakamtoka mbele ya watembezaji na muuza kahawa na mkewe, wala hakuyaficha. Kisha akatoa simu, akampigia Taib.

"Bwana Taib, ni Fahmi fundi. Mamako hana kosa. Ni nyaya zangu. Hakukanyaga, wallahi, kosa ni langu, na nitakuja kulisema hilo barazani leo baada ya sala." Akasikiliza. Swabaha aliuona uso wake ukibadilika. "Lini?" aliuliza. Kisha, "Nimefahamu," na akaishusha simu taratibu.

"Kasemaje?" aliuliza Swabaha.

"Lile gari jeupe keshaliuza. Alipata mtu bandarini jana usiku."

Jana alasiri, pale barazani, neno moja la Swabaha lingetosha. Alimgeukia Bi Mwanaesha.

"Najua," alisema Bi Mwanaesha. "Walikuja kulichukua baada ya alfajiri. Nilikuwa dirishani, namnywesha Mzee uji."

"Ulijua? Na bado ukaja?"

Bi Mwanaesha aliliweka buibui lake sawa begani.

"Sikuja kwa ajili ya gari, mwanangu. Nilikuja kwa sababu sikukanyaga."