Uso wa Mchunga Bata

Sisi watu wa Harnby hatuulizani habari za msiba. Tunaiita adabu. Mimi siku hizi nauita ugonjwa.

Kibao cha jina la kijiji, kile kilichosimama uwanjani juu ya nguzo ya mwaloni, kilichongwa na Edwin Larwood. Kilionyesha kanisa, matete, na msichana anayechunga mabata bukini. Uso wa msichana yule ulikuwa wa Wendy, binti yake, aliyechukuliwa na bahari ilipovunja kingo na kuingia majumbani. Maji yaliondoka na mtoto pamoja na picha zake zote. Edwin aliuchonga uso ule kwa kukumbuka tu, kisha naye akafa. Mkewe, Olive, jirani yangu, hakubakiwa na sura nyingine ya mwanawe duniani. Wazee wote tuliyajua hayo, na hakuna aliyewahi kuyatamka.

Kibao kilipoanza kuoza, Olive mwenyewe ndiye aliyelisumbua baraza la kijiji mpaka likakubali kukitengeneza. Mwenyekiti, Desmond Gotts, ni mtu wa kuja, hana habari ya mambo ya zamani, ila ni mchapakazi. Fundi wa mjini alisema mbao hazifai tena, akachonga kingine kwa kuiga. Siku ya kukizindua tulipiga makofi, tukanywa chai. Msichana mpya ana mashavu mekundu na tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Olive alimtazama, akaniambia kwamba si kitu, ataomba apewe kile cha zamani.

"Mwombe Gotts sasa hivi," nikamwambia.

"Aa, ana wageni. Nisimsumbue."

Wiki zikapita, hasumbui mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi hata kilio tunakificha.

Ikafika Novemba, siku ya kuwasha moto uwanjani, ambapo kila nyumba huleta mbao zake mbovu na watoto huchoma sanamu la majani. Baridi ilikuwa kali. Olive alisimama kando yangu, mikono ameinyoosha motoni. Gotts akapita akigawa viazi vya kuchoma, na hapo ndipo Olive alipopata ujasiri.

"Bwana Gotts, samahani. Kile kibao cha zamani kiko wapi? Kama si taabu."

"Kile kilichooza?" Gotts akacheka, akanyoosha kidole. "Si hicho hapo, mama, chini kabisa. Kimekauka ghalani kwangu, unaona kinavyowaka? Ndicho kinachotupa joto leo."

Hakuwa na ubaya. Nilitamani kumzaba kofi hata hivyo, yeye na kijiji kizima, na mimi nikiwemo.

Olive alimshukuru, akapokea kiazi, akakitia mfukoni. Kisha akainyoosha tena mikono, karibu zaidi na moto kuliko mwanzo. Nikamshika bega, nikamwambia twende nyumbani.

"Niache kidogo," akasema. "Bado ana joto."