Kamba ya Darajani

"Usiniite shemeji hapa," alisema Machage. "Nyumbani mimi ni shemeji yako. Hapa darajani mimi ni mwenyekiti wa soko."

"Sawa, mwenyekiti. Shusha kamba."

"Haishuki."

"Ndizi zinaiva."

"Si nimekuambia uniuzie mimi?"

Nyuma yangu wanawake wakaguna. Walikuwa wamekaa juu ya daraja lote, kila mmoja na mikungu yake, hata pa kukanyaga hapakuonekana. Mbele yetu ilikatiza kamba nene ya manila, nguzo hadi nguzo, na vijana wawili wa umoja wa wafanyabiashara waliilinda kwa fimbo. Ng'ambo ya kamba lilisimama lori la Rose, mnunuzi kutoka Isebania, upande wa Kenya. Lilikuwa tupu, mlango wa nyuma wazi, na Rose mwenyewe amekaa pale mlangoni akibembeza miguu.

"Mzee, mimi niko na pesa," alisema Rose, "na hawa mama wako na ndizi. Sasa wewe uko na nini?"

"Mimi nina nchi yangu," Machage akajibu.

Siku ile alikuwa amevaa koti jeusi la suti, shati jeupe, na viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa. Niliyaona mavazi yale, ila wakati ule sikuyatilia maanani. Nilikuwa na hasira ya msimu mzima.

Alipofunga kamba hii mara ya kwanza alisema anatulinda. Wakenya wanatunyonya, alisema, wanakuja na malori, wanachota jasho letu, wanaondoka. Kuanzia leo mnunuzi wa nje havuki daraja. Mkulima atamuuzia mwanachama wa umoja, na mwanachama ndiye atakayepeleka mzigo mpakani Sirari. Wanachama walikuwa Machage na watu wanaomsikiliza Machage. Bei ilianguka wiki ile ile. Nikakataa kuuza, nikangoja ipande, na ndizi zangu zikaivia hapa hapa darajani, zikapasuka maganda, nyuki wakazila kabla ya mtu. Mwishoni akazichukua Machage kwa bei ya kuniondolea uchafu. Ndivyo alivyosema, kuniondolea uchafu.

Mwanangu Precious alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Akarudi nyumbani. Mume wangu Gasto ni mpishi kwenye kambi ya watalii huko Natta, na mshahara wake peke yake hautoshi ada. Msimu mzima Precious amekuwa akichunga mbuzi wa baba yake mkubwa, yaani huyu huyu Machage, anapewa maziwa na kuambiwa ashukuru. Chuo kinafungua Jumatatu. Ndizi zilizokuwa darajani zikiuzwa leo kwa Rose, Precious anapanda basi kesho. Zikiuzwa kwa Machage, anarudi kwa mbuzi.

"Tuseme ukweli mbele ya watu," nilimwambia. "Rose akivuka, wewe unakatazwa kununua?"

"Hakuna anayenikataza."

"Basi nunua. Simama hapa na koti lako, Rose asimame pale. Yeye ataje bei, wewe utaje bei. Ukimzidi, nitakuuzia wewe na nitakubebea mpaka ghalani."

"Waisiko, wewe umesoma, lakini huelewi. Leo atakupa bei nzuri. Kesho asipokuja utamkimbilia nani?"

"Nitakukimbilia wewe. Si upo? Ila utanipa bei ukijua kwamba keshokutwa anaweza kuja."

Wanawake wakacheka. Wegesa, jirani yangu, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu, akasimama juu ya mkungu wake. "Mwenyekiti, mafuta ya kupikia dukani kwako yametoka wapi?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Sabuni je? Vyote vimetoka Isebania! Umevivusha juu ya daraja hili, kamba ikiwa imelala chini kama nyoka aliyekufa. Kumbe kamba inawajua watu."

"Hizo ni bidhaa ambazo hapa hatuna," alisema Machage.

"Na Rose anatafuta ndizi ambazo kwao hawana," nikasema. "Tofauti iko wapi?"

Machage akageuka. Alikuwa hanitazami tena. Alitazama nyuma ya lori la Rose, kule barabara inakotokea Sirari, na uso wake ukabadilika. Kulikuwa na vumbi. Kisha tukasikia kengele, na kisha sauti za wanaume wakiimba.

Ng'ombe wa mahari wa Salome.

Ndipo nilipoelewa lile koti. Salome ni binti yake wa kwanza, na alikuwa ameposwa na kijana wa Kehancha, Mkurya mwenzetu wa upande wa Kenya. Kwetu mtu akipata ng'ombe wengi anataka waonekane. Machage angeweza kuwapokea wakwe siku yoyote ya wiki, kimya kimya, kamba ikiwa ghalani. Yeye akawaambia waje siku ya soko, wapite darajani, ili kata nzima ione mali inavyoingia bomani kwake. Na kamba hufungwa siku ya soko tu.

"Shusheni kamba," aliwaambia vijana haraka. "Wanawake, toeni ndizi njiani. Wageni wamefika."

Kijana mmoja akainama kwenye fundo. Nikaweka panga langu la kukatia mikungu juu ya fundo lile.

"Mura, kijana wangu, acha."

"Mama mdogo, mwenyekiti amesema."

"Mwenyekiti alisema haishuki. Umemsikia kama nilivyomsikia. Shemeji, hawa ng'ombe wametoka wapi?"

"Waisiko, usicheze."

"Nauliza. Wametoka wapi?"

"Kehancha! Unajua wanatoka Kehancha. Kibali cha mifugo wanacho, Sirari wamepita bila tatizo."

"Hata Rose amepita Sirari bila tatizo. Aliyemsimamisha ni wewe."

Wegesa akapiga makofi. "Ng'ombe wa nje hao! Wakiingia wataangusha bei ya ng'ombe wetu. Tulinde, mwenyekiti!"

"Na majike wale watazaa hapa hapa," mwingine akadakia. "Tutafurika!"

"Salome aolewe na mwanachama wa umoja," alisema Wegesa, "tena kwa bei ya umoja!"

Daraja zima likaangua kicheko. Hata wale vijana wa fimbo walicheka, wakageuza nyuso. Machage hakucheka. Jasho lilimtoka chini ya koti. Ng'ombe walikuwa wamefika nyuma ya lori, wamebanana, wakubwa, wenye ngozi safi, na mbele yao mzee wa upande wa bwana harusi ameshika fimbo yake ndefu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Kuna kamba, mzee. Ameifunga mkweo."

Mzee akaitazama kamba, akamtazama Machage. "Sisi hatujazoea kusimamishwa njiani na mali. Kama kuna jambo, mtuambie tugeuze."

Ng'ombe wa mahari wakirudi walikotoka, kwetu hakuna anayesema ng'ombe wamerudi. Wanasema binti amekataliwa, na wanayasema kwa miaka. Machage alilijua hilo kuliko wote. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Waisiko. Mke wa mdogo wangu. Nitakununulia ndizi zako zote kwa bei ya Rose. Zako tu. Ondoa panga."

"Na za Wegesa?"

"Zako tu, nimesema."

Nilisikia utamu, siwezi kuuita jina lingine. Alikuwa ameshika maisha ya binti yangu mkononi msimu mzima, na sasa nilikuwa nimeshika ya binti yake. Nilichohitaji ni kutofanya chochote. Nisimame tu pale, panga juu ya fundo, mpaka yule mzee ageuze ng'ombe. Machage angelala na aibu ile kila usiku kama mimi nilivyolala na mwanangu akinuka mbuzi. Mtoto kwa mtoto.

Kisha nikainua macho.

Nyumba ya Machage iko juu ya mteremko, na ukiwa darajani unaona ua wake wote. Kwenye ua walisimama wasichana wawili. Salome, kitenge kipya, mikono kichwani. Precious wangu alikuwa nyuma yake amemkumbatia mabegani. Tangu asubuhi alikuwa kule akimsaidia kupikia wageni; aliponiaga sikuuliza wageni gani. Wamelelewa pamoja, wale. Salome ndiye aliyekuwa akimpelekea Precious daftari zake za zamani machungani, asisahau alichosoma.

Hasira yangu haikupungua. Ila nikaona kwamba nilikuwa nailinda kamba ya Machage. Nilikuwa nimesimama pale pale aliposimama yeye, nimebeba panga badala ya fimbo, nafanya kazi yake bila malipo. Kamba ikibaki juu, anaumia Salome, ambaye hajanikosea. Anaumia Rose, ambaye amekuja na pesa. Ndizi za Wegesa zinaoza, na Jumatatu Precious anaamkia zizini. Machage ataona aibu, kweli, lakini wiki ijayo bado ni yeye peke yake wa kutununulia.

Na kamba ikishushwa? Ikishushwa kwa ng'ombe, itapandishwa ng'ombe wakishapita.

"Zako tu," alirudia Machage, akidhani nafikiria bei.

Nikainua panga, nikakata. Si kwenye fundo. Nilikata katikati, mara ya kwanza nyuzi zikabaki, mara ya pili ikaanguka. Nikavuta kipande cha kulia nikakikata tena, na cha kushoto nikakikata tena, vipande vifupi visivyoweza kufunga hata mbuzi, nikavitupa mtoni mbele ya macho yake.

"Umeharibu mali ya umoja!" alipiga kelele.

"Nishtaki. Uje na mashahidi." Nikamgeukia Rose. "Rudisha lori nyuma kidogo, mwanangu, mpaka hapa ukingoni."

"Na ng'ombe?" aliuliza Machage.

"Wapite. Nani amewakataza?" Nikamwonyesha daraja, limejaa mikungu na wanawake kutoka ukingo hadi ukingo. "Ila zipakiwe ndizi kwanza. Sisi tuna mikono hii hii miwili. Tutamaliza jioni."

"Jioni? Mzee amesimama juani!"

"Basi tusaidie."

Alinitazama. Alimtazama mkwewe, aliyekuwa amekwisha kukunja uso. Wegesa hakungoja amalize kufikiri. Aliinua mkungu wake mkubwa kuliko yote, ule uliokuwa bado unatoa utomvu kwenye kikonyo, tukaushika yeye na mimi, tukaupandisha juu ya bega la lile koti jeusi.

"Ule pale mlango wa lori, shemeji," nikamwambia. "Tembea."

Akatembea.