Laini ya Marehemu Baba

Baba alifariki kwetu Wenzhou, China, mwaka juzi, na laini yake ya simu ikafa miezi michache baadaye. Baba aliuawa na mapafu. Laini niliiua mimi kwa uzembe wangu. Kuitilia salio kutoka huku Prato, Italia, si kazi, ni kubonyeza mara tatu tu, lakini nilisahau, na nilipokumbuka namba ilikuwa imeshafungwa. Sikumwambia Mama. Nilijiambia mwenye laini hayupo, laini ya nini tena.

Ujinga mtupu. Mama alikuja Italia kunilelea wanangu, kama wafanyavyo bibi wote wa kwetu, na Baba akagoma kuiacha nyumba yake. Kwa miaka kumi na miwili kilichowaweka pamoja ni programu ya karaoke. Baba alirekodi sehemu ya mwanamume ya opera za kwao, akaiacha kwenye akaunti yake. Mama akiamka huku, anaifungua akaunti hiyohiyo na kuimba sehemu ya mwanamke juu ya sauti ya mumewe. Hata baada ya mazishi hakuacha. Kila asubuhi, kabla cherehani za karakana yetu hazijaanza kunguruma, niliwasikia wote wawili.

Mwezi wa tatu nikajitia wema, nikamnunulia Mama simu mpya. Nikatoka kwenye akaunti kwenye simu ya zamani ili niingie kwenye mpya. Programu ikajibu kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya Baba. 

"Vipi, Afen?" Mama akauliza, kwa jina langu la nyumbani.

"Mtandao tu, Mama. Subiri kidogo."

"Mtandao wa Waitalia hawa. Hata kijijini kwetu tunawashinda."

Nilicheka, nikageuka ili asinione usoni. Kwetu laini iliyolala hupewa mtu mwingine, na mwenye laini ndiye mwenye akaunti. Huyo mtu, popote alipo, angeweza kumfuta Baba kwa kidole kimoja, bila hata kujua amefuta nini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi.

Nikajificha stoo, katikati ya marobota ya vitambaa, nikapiga namba ya Baba. Akapokea mwanamke.

"Dada, samahani. Naitwa Ye Yanfen, napiga kutoka Italia. Laini yako ilikuwa ya marehemu baba yangu. Umepata ujumbe wenye tarakimu sita. Naomba unisomee."

Nilipomaliza ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba anayepiga kutoka nje ya nchi na kuomba namba ya uthibitisho ni tapeli. Polisi wameyabandika hayo mpaka kwenye lifti.

Mwanamke akacheka. "Leo ni marehemu baba. Juzi mwenzako alikuwa hakimu."

"Dada, mimi si tapeli."

"Kuna tapeli aliyewahi kusema ndiyo? Sasa nisikilize. Hiyo namba naitumia mwenyewe. Naingia humo, naifuta akaunti yote, halafu tuone utaomba nini tena."

"Usifute, dada. Nakuomba, usifute."

Akakata.

Nikapiga tena, na tena. Kila nilipopiga nilizidi kufanana na tapeli, nalijua hilo, lakini mkono haukutaka kutulia. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikamwambia yote: salio, laini, uongo wangu. Hakunitukana, na hilo likanitisha zaidi. Alinyoosha mkono apewe simu. Safari hii mwanamke akapokea, nadhani ili atutukane. Mama akamsemesha Kiwenzhou cha kijijini kabisa, kile ambacho hata mimi hunishinda.

"Mwanangu, mimi ndiye mama wa huyo mpumbavu. Umeshafuta?"

 Nikasogeza sikio karibu na simu.

"Bado, shangazi," akajibu kwa lugha ileile. "Nimeingia, nikakuta mzee anaimba. Nyimbo mia mbili na kumi na moja, zote nusunusu."

"Anaimbaje?"

"Anachelewa mdundo."

"Miaka hamsini namwambia," Mama akasema, akaketi juu ya robota.

Mwanamke yule, Qiu, alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Akasema waziwazi kwamba namba hatoi. Mama yake mwenyewe aliwahi kumsomea mtu tarakimu sita kwenye simu, wakamkombea akiba yote ya uzeeni. "Sikupi wewe, shangazi, wala simpi yeyote. Ila Jumapili mchana siendi dukani. Ukipiga, nitakuwekea wimbo mmoja."

Mama akamshukuru kana kwamba amepewa nyumba. Mimi sikuona cha kushukuru. Sauti ya baba yangu imo mkononi mwa mtu nisiyemjua hata sura.

Tangu hapo kila Jumapili tunapiga. Qiu anaweka wimbo, Mama anaimba sehemu yake, nami narekodi kwa simu nyingine. Sauti ya Baba inatoka kama ya mtu aliye ndani ya ndoo, lakini ni yake. Mama amenikataza kumuudhi Qiu. Anamuulizia hali ya mama yake, anamtumia mafuta ya zeituni. Jumapili iliyopita simu iliita mpaka ikakatika, nikamwona Mama anabadilika rangi. Kumbe Qiu alikuwa anaosha vyombo.

Tumepata nyimbo tisa. Jana, wakati Mama anachambua mboga jikoni, nilikaa kando nikipiga hesabu. Wimbo mmoja kwa juma ni karibu miaka minne, na hiyo ni kama Qiu hataolewa mbali, hatabadili laini, wala hatatuchoka. Nilijitahidi kuwaza ya Qiu tu. Mama ametimiza themanini na moja.

Sikuwa nimesema neno. Mama hakuinua macho kwenye mboga.

"Afen," akasema, "anza kujifunza sehemu yangu."